Pampu Haikuzimika, Tukamlaumu Khadimu

Juma hili tunawaomba radhi wasomaji waliozoea kukuta katika safu hii mambo ya malezi na mirathi, kwani tutazungumzia pampu ya maji. Tunayo sababu. Kamati ya msikiti wetu hapa Mlimba, ambayo sisi ndio katibu wake, imetenda kosa, na kosa lenyewe lilianzia katika boksi dogo la umeme lililopachikwa ukutani, nyuma ya mahali pa kutawadhia.

Msikiti una kisima kirefu chenye pampu ya nguvu ya farasi 1, na tangi la plastiki la lita 5,000 lililoinuliwa juu ya mnara wa zege. Ndani ya tangi linaning'inia boya lenye swichi. Maji yakipungua, boya hushuka na kuamuru pampu iwake; maji yakijaa, boya hupanda na kuamuru pampu izime. Mtambo huu ulinunuliwa ili kumpunguzia kazi khadimu wetu, mzee ambaye kwa miaka mingi aliiwasha na kuizima pampu kwa mkono, akipanda ngazi usiku kuchungulia tangi. Yeye mwenyewe tangu mwanzo hakuuamini sana.

Ulipoingia msimu wa mavuno ya mpunga, mwezi wa Juni, waumini walianza kukuta matope chini ya mnara kila alfajiri, ilhali mvua zilikwisha kukatika. Bata wa jirani wakahamia pale. Uniti za LUKU zilizokuwa zikitosha mwezi mzima zikaisha kabla ya nusu mwezi. Tulipima kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 20 hujaa kwa sekunde 36, yaani lita 2,000 kwa saa. Pampu ikiwaka saa 2 usiku, tangi likajaa saa 3 na nusu, kisha maji yakaendelea kumwagika hadi saa 10 na nusu alfajiri, hizo ni lita 14,000 zilizopotea ardhini na takriban uniti 7 za umeme, kwa usiku mmoja. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho kwa hesabu ya madhehebu yetu ya Shafii hakifiki lita 1. Hata tukimpa kila muumini lita 2, maji yale yalikuwa udhu wa watu 7,000. Hasira ya kamati, basi, ilikuwa na msingi. Mahali ilipoelekezwa ndipo palipokosewa.

Tulimwita khadimu baada ya Isha. Tukamwambia anaacha pampu ikiwaka na kwenda kulala. Akasema maneno machache, nasi tukaandika katika muhtasari: "Mhudumu alijitetea. Imeamuliwa sehemu ya posho yake ikatwe kufidia uniti zilizopotea." Usiku uliofuata, kwa kuogopa, mzee alikata umeme wa pampu kwenye swichi kuu na kwenda zake. Alfajiri mabomba yalikuwa makavu. Kina mama walirudi majumbani kutawadha, na wengine wakaikosa rakaa ya kwanza. Jambo hilo nalo tukaliandika kuwa ushahidi wa pili wa uzembe wake. Suratul Hujurat inatuamuru kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na aya hiyo tumeisomesha madrasa mara nyingi. Ila siku ile hatukuikumbuka.

Aliyetutoa gizani ni kijana mmoja wa mtaani aliyesomea umeme chuo cha ufundi. Hakuanza kwa kufungua kitu. Alimwomba khadimu amweleze anachokiona na anachokisikia, naye akaeleza: ifikapo magharibi, mashine za kukoboa mpunga zikiwa bado zinafanya kazi, taa za msikiti hufifia, na boksi hunguruma kama nyuki ndani ya mzinga. Tangi likijaa, pampu haizimi. Akiligonga boksi kwa kisigino cha kandambili, huzima.

"Kwa nini hukutuambia, mzee wetu?" tukamwuliza.

"Nilisema, Katibu. Nilisema boksi linanguruma. Mkaniambia mambo ya boksi tuyaache, tuzungumzie uniti."

Tuliufungua muhtasari. Neno boksi halikuwamo.

Fundi alirudi jioni, kwa kuwa mchana ugonjwa haukuonekana, na hapa pana somo kwa wenye kuita fundi: ubovu unaokuja kwa saa zake hupimwa kwa saa hizo hizo. Pampu ilipokuwa inawaka, alipanda mnarani akalifunga boya kwa kamba likae juu, kana kwamba tangi limejaa. Aliposhuka akapima kwa tesa ndani ya boksi. Waya unaotoka kwenye boya haukuwa na umeme. Kumbe boya lilikwisha kutoa amri ya kuzima. Waya unaokwenda kwenye pampu ulikuwa na umeme, na pampu ilikuwa inavuta maji. Basi mwenye kuamuru alikuwa mzima, na aliyeamriwa ndiye mgonjwa.

Mgonjwa huyo huitwa kontakta. Ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme: umeme mdogo wa boya huiamsha sumaku, sumaku huzivuta ncha zigusane, na umeme mkubwa hupita kwenda kwenye pampu. Boya likikata, sumaku hulegea na springi huziachanisha ncha. Umeme unaposhuka nguvu, sumaku hukosa uwezo wa kushika sawasawa. Hushika na kuachia haraka haraka, ndio mngurumo ule, na kila mara cheche huziunguza ncha mpaka zinang'ang'aniana. Springi haiwezi tena kuziachanisha, isipokuwa kwa kandambili. Kuwa jirani wa Kihansi, yenye mitambo ya megawati 180, hakumzuii aliye mwisho wa laini kuona taa yake ikififia.

Tulipomsimulia ndugu yetu mmoja aishiye Uingereza, alicheka kwa muda. Huko nyumba hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka katika mabomba, na njiani huwekwa koki inayofunguliwa na mota ndogo na kufungwa na springi. Koki ikishafunguka, swichi ndogo iliyomo ndani yake huliambia boila liwake. Kwake swichi hiyo iligandia, boila likawa haliachi kuunguruma hata kifaa cha kupimia joto kikiamuru lizime, naye kwa majuma mawili akawagombeza watoto kwamba wanachezea kifaa hicho. Fundi wake alitumia njia ile ile: kwanza akatazama kama amri imekoma, kisha akatazama nani anayeendelea kana kwamba haikukoma. Wakati mwingine, alisema, huondoa kichwa cha mota na kuuzungusha mhimili wa koki kwa mkono. Ukizunguka kwa wepesi, ubovu uko kwenye mota, na ukiwa mgumu, uko kwenye koki yenyewe.

Wengi wetu majumbani tunayo matangi sasa, na magomvi ya LUKU kati ya mume, mke na binti wa kazi hatuyasikii kwa jirani pekee. Pampu isipozima, sikilizeni boksi kabla ya kumwita mtu. Zimeni swichi kuu, kisha mtazame kama waya wa boya umejifunga kwenye bomba, au boya limekwama ukutani mwa tangi. Hilo hutokea waya ukiachwa mrefu mno. Boya lililoingiwa na maji huwa zito na haliinuki. Likitikiswa husikika maji ndani. Ikiwa pampu inakataa kuwaka, sisimizi na mijusi hupenda joto la maboksi haya, na mwili wa mdudu mmoja kati ya ncha watosha kuzuia umeme. Kwa wenye boya la kawaida lisilo na umeme, lile linalofunga koki ya bomba la kuingizia maji, mara nyingi tatizo ni mchanga uliokaa kwenye kipira cha kuzibia, au kipira chenyewe kimeliwa. Husafishwa au hubadilishwa kwa muda mfupi.

Kufungua boksi, hata hivyo, si kazi ya baba mwenye bisibisi. Mwachieni fundi mwenye leseni ya EWURA, na wala msikubali akaunganisha waya moja kwa moja ili "mvuke usiku huu", kwani pampu isiyo na wa kuizuia itamwaga maji mpaka asubuhi, na pampu inayozunguka kisima kikiwa kikavu huungua. Kuhusu kugonga kwa kandambili, fundi alisema ilisaidia, ila asingependa aone mtu mwenye miguu iliyolowa akifanya hivyo.

Kontakta mpya, kubwa kuliko ya kwanza, ilikuja kwa basi kutoka Ifakara pamoja na kifaa cha kukata umeme unaposhuka, mfano wa kile kinachowekwa kwenye friji ila chenye kuhimili pampu. Bei ya kontakta haikufikia ile posho tuliyomkata mzee.

Posho imerudishwa. Muhtasari haukufutwa, kwa sababu kumbukumbu za kamati hazifutwi. Tumeandika chini yake kwamba uamuzi ulikuwa wa makosa, kwamba khadimu alitoa taarifa ya mngurumo wa boksi na katibu hakuiandika, na tumeyasoma hayo mbele ya waumini baada ya Isha kama vile lawama zilivyosemwa baada ya Isha. Mzee alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alisema amesamehe, kisha akamwuliza fundi kama boksi jipya nalo litanguruma. Fundi akamhakikishia kwamba halitanguruma. Kandambili ya zamani, hata hivyo, ameiacha pale pale, imechomekwa nyuma ya bomba.