Aliyepatwa na kiwewe asiamrishwe kufumba macho

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa maneno hayo machache walieleza jambo ambalo madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza katika orodha yao rasmi ya maradhi mwaka wa 1980 tu, yaani kwamba mwili wa mtu aliyepatwa na janga waweza kukaa miaka mingi bila kujua kuwa janga limekwisha. Dawa, hata hivyo, wahenga hawakututajia.

Sisi wa kizazi hiki tumelijaza pengo hilo kwa neno "jikaze". Mwanamume akilemewa huambiwa ajikaze. Mwanamke naye huambiwa amshukuru Mungu kwamba yu hai. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini aghalabu ni ushauri wa mtu anayetaka kilio kikome ili naye apate usingizi.

Siku hizi umezuka ushauri mwingine, hasa miongoni mwa vijana wenye simu za kisasa: fanya taamuli. Keti kimya, fumba macho, zifuate pumzi zako. Wapo wanaoubeza kuwa ni mambo ya Wazungu, na wapo wahubiri wanaouita ushirikina. Mimi simo katika makundi hayo. Mwislamu ana dhikri, Mkristo ana tafakuri, na bibi aliyeketi barazani jioni akitazama kuku wakirejea hahitaji kufundishwa utulivu na mtu yeyote. Ninachotilia shaka ni namna jambo hili linavyofundishwa kwa mtu aliyejeruhiwa moyoni.

Nasema hivi kwa sababu ung'ongo wangu ninao. Mnamo Januari 2008, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nilikuwa nyumbani kwetu katika Bonde la Ufa usiku ambao mabati ya jirani yaling'olewa kabla ya nyumba yake kutiwa moto. Kwa zaidi ya miaka kumi mlio wa bati likitikiswa na upepo ulinitoa jasho, hata nikiwa katikati ya mhadhara wa fonolojia. Mshauri nasaha aliyenipokea hatimaye hakuniambia nifumbe macho. Aliniketisha kwenye kiti kilichoegemea ukuta, mahali ambapo ningeweza kuuona mlango, akaniagiza nikanyage sakafu kwa nyayo zote mbili na kukitazama kitu kimoja kwa dakika tatu. Basi. Wiki iliyofuata tukaongeza dakika mbili.

Msomaji na akumbuke tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu jijini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumia macho kwa kuwa waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani, na vioo vikawapasukia usoni. Wengine walifukiwa gizani chini ya vifusi vya jengo la Ufundi. Je, mtu wa namna hiyo akiambiwa afumbe macho na kuvuta pumzi ndefu, atajikuta wapi kama si kifusini, akitafuta hewa katikati ya vumbi? Kwake yeye giza na pumzi ndio ung'ongo wenyewe. Heri aanze na nyayo zake, au na sauti za nje: gari linalopita, mtoto anayeitwa. Kumbukumbu zikimzidi nguvu, asishindane nazo. Ainuke, anawe uso kwa maji baridi, avitaje kwa sauti vitu vitano anavyoviona. Huko nako ni kuanza taamuli.

Wala tusiahidiane miujiza. Mwaka wa 2015 watafiti wa Minneapolis walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanajeshi wastaafu 116 wenye maradhi haya. Waliofunzwa taamuli kwa utaratibu wa wiki nane, ule ulioasisiwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka wa 1979, walipata nafuu zaidi kuliko wenzao waliokutana katika vikundi vya mazungumzo. Hata hivyo nafuu yenyewe ilikuwa ya wastani, na kuhusu walioondokewa na maradhi kabisa, makundi hayo mawili hayakuachana kwa kiasi cha kutajika. Tena walikuwa na mwalimu mbele yao. Kijana aliyejifungia chumbani na simu hana wa kumwona akianza kutetemeka. Jino la pembe si dawa ya pengo, na sauti iliyorekodiwa haiwi mshauri.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponichokoza. Sauti hizo aghalabu huzungumza Kiingereza cha ng'ambo, zikimtaka msikilizaji ajione ufukweni au katika msitu wa theluji. Mtu aliyelia kwa Kiswahili, au kwa Kipokomo, atatulizwaje kwa lugha ya mtihani? Na si kwamba hatuna maneno. Pumua, pumzi na pumzika ni ndugu wa shina moja; Kiswahili kilikwisha kuamua zamani kwamba kupumzika ni jambo la pumzi. Tuna kutulia, kushusha pumzi, moyo kurudi mahali pake. Hata "kiwewe", neno ambalo sikulipenda hapo awali kwa kuwa lilinionyesha mshtuko wa dakika moja na si wa miaka kumi, limeshika mizizi, na nimeacha kubishana nalo.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi, na walionusurika wakapelekwa Eldoret kuendelea na masomo. Leo hao ni watu wazima. Baadhi ni walimu, baadhi ni wazazi. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022, nasi tukaipongeza. Lakini ofisi za ushauri nasaha vyuoni zingali zikibandika ukutani karatasi za Kiingereza zinazomwamrisha mgonjwa afumbe macho.

Karatasi hizo ziandikwe upya, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, na washauri wanaowajua wagonjwa wao. Dakika tatu, macho wazi, mlango uonekane, na mtu awe karibu. Idara za lugha zinaweza kuifanya kazi hiyo ya tafsiri kabla ya muhula kwisha, na mimi nimekwisha kuwaambia wenzangu kwamba rasimu ya kwanza nitaileta mimi.