Kidole cha Seremala na Sheria ya Serikali

Ninyi mnaojifunza useremala mwaujua msumeno wa meza wa umeme: mkono ukiteleza mara moja, kidole hakirudi. Nchini Marekani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa imekadiria kwamba wanaojeruhiwa na meno ya msumeno huo na kukimbizwa hospitalini hupita 30,000 kila mwaka.

Kinga ipo. Mwaka 1999 Steve Gass, mwanasheria aliyesomea fizikia, alibuni breki inayoutambua mwili wa mtu kwa njia ya umeme: ngozi inapogusa meno, msumeno husimama kabla ya kukata kidole. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliiomba tume ilazimishe kinga hiyo kwa misumeno mipya. Wenye viwanda walipinga: bei itapanda, haki za uvumbuzi zitampa mmoja soko lote, na mnunuzi aachwe achague.

Hoja ya haki za uvumbuzi ilikuwa nzito, kwani sheria isigeuke kuwa ushuru wa mtu mmoja. Lakini mwaka 2024 kampuni ya SawStop iliahidi kuuachia umma haki moja kuu, sheria ikipitishwa.

Hoja ya uchaguzi ndiyo dhaifu. Anayenunua msumeno mara nyingi siye anayeusukumia ubao. Tajiri huokoa fedha. Mwanafunzi wa kazi hupoteza kidole. Kwa hiyo serikali yoyote inayolinda wadogo isiuachie uamuzi huu mfuko wa mnunuzi peke yake.