Lipa Makanika Asikilize Kwanza

Mwaka jana nilitumia Sh53,000 kubadilisha giaboksi ambayo haikuwa na shida yoyote. Kabla hamjaanza kunicheka, wacha niseme mapema: makanika hakuniibia. Mimi ndiye nilimwambia aitoe. Na nikiangalia DM zangu, wengi wenu mnaelekea huko huko.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2001, ile yenye taa za mviringo, manuali ya gia tano. Mnajua vile hii gari imekaa vichwani mwetu Kenya. Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza 1997, Richard Burns akashinda na Impreza 2000. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini hizo story nimezisikia kwa kila mjomba niko naye. Shida ni kwamba ukinunua ndai kama hiyo leo, unanunua story pamoja na beringi, bushi na shafti za zaidi ya miaka 20.

Yangu ilianza na mvumo. Nikifika 50, vuuu kidogo. Nikifika 80, vuuuuu, mpaka natafuta sauti ya redio niongeze. Masikio yangu yaliniambia inatoka katikati, hapo chini ya mkono wa gia. Nikarekodi klipu ya sekunde 15, nikaiposti, nikawauliza hii ni nini. Komenti zikaja. "Giaboksi hiyo, buda." "Giaboksi imeenda." Mmoja alisema beringi ya gurudumu, lakini hakuwa na likes, kwa hivyo nikampita.

Nikaenda gereji na jibu tayari. Sikumwambia makanika, "Gari inavuma, nitafutie ni nini." Nilimwambia, "Giaboksi imeisha, unabadilisha kwa ngapi?" Yeye akajibu swali nililouliza. Sh8,000 ya kazi. Nikateremka Kirinyaga Road, nikapata giaboksi ya mtumba kwa Sh45,000. Siku mbili baadaye nikawasha gari, nikashika barabara, nikafika 80.

Vuuuuu. Sauti ni ile ile.

Manze, nilipaki kando ya barabara nikakaa tu.

Mtu akanielekeza kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza Subaru miaka mingi. Kabla hata afungue boneti, akaniambia kumsikiliza ni Sh1,500. Nilikasirika. Nikamuuliza, "Mzee, unanichaji kusikiza tu?" Akasema, "Kijana wangu, wale wa bure walikuchaji ngapi?"

Nikalipa. Akaingia kiti cha abiria, tukatafuta barabara iliyo tupu. Alichofanya kilichukua kama nusu saa, na nataka mkielewe kwa sababu hakuna uchawi hapo.

Kwanza, nikiwa 70, akasema kanyaga klachi, toa gia kabisa, acha gari iteleze. Injini ikashuka, mvumo ukabaki pale pale, halafu ukapungua polepole pamoja na spidi. Maana yake si injini na si klachi. Ni kitu kinachozunguka kufuatana na magurudumu.

Pili, akasema rudisha gia, kanyaga mafuta, achilia, kanyaga, achilia. Difu iliyochoka mara nyingi hulia ukikanyaga na kubadilisha sauti ukiachilia, au kinyume chake. Yangu haikubadilika.

Tatu, tukapita lami laini na lami mbaya. Tairi zilizoliwa vibaya huvuma pia, lakini sauti yao hubadilika barabara ikibadilika. Hapo pia hakuna kitu.

Nne, hii ndiyo iliniacha mdomo wazi. Akasema peleka usukani kushoto kidogo, sasa kulia kidogo, pole pole. Kushoto, mvumo ukapanda. Kulia, ukanyamaza karibu wote. Ukielekea kushoto, uzito wa gari unaegemea upande wa kulia. Kwa hivyo mgonjwa alikuwa upande wa kulia.

Tukarudi gereji, akainua gari juu ya stendi nne za chuma. Akashika springi ya nyuma kulia kwa mkono mmoja, na mwingine ukazungusha gurudumu. Akaniambia niguse. Nilihisi kama mchanga unasagwa ndani ya chuma. Springi ya kushoto ilikuwa kimya kabisa.

Beringi ya gurudumu la nyuma. Sh4,500. Kuitoa na kuingiza mpya kwa presi, Sh1,500. Kazi, Sh2,500. Ukijumlisha na ile ya kusikiliza, ni Sh10,000. Na alikataa kata kata kuigonga kwa nyundo, kwa sababu beringi mpya ikiingizwa kwa nyundo inaumia kabla haijatembea hata kilomita moja, halafu baada ya muda mfupi unarudi na mvumo ule ule.

Kwa nini basi nilisikia sauti katikati? Kwa sababu bodi ya gari ni chuma, na chuma hubeba sauti. Kitu kinalia nyuma, wewe unakisikia chini ya kiti. Na kama mwenye gari aliye ndani anadanganywa, yule anayesikiliza klipu kwa simu akiwa matatu atajua aje?

Sasa point yangu. Sisi vijana tunalipa spea bila kunung'unika kwa sababu spea tunaweza kuishika. Kufikiria hatutaki kulipia. Hebu jiweke kwa viatu vya makanika. Akitumia saa nzima kusikiliza, akuambie "ni tairi tu, badilisha za mbele ziende nyuma," utampa mia mbili ya chai na uende ukijiona mjanja. Akitoa giaboksi, anapata Sh8,000. Tumewafundisha sisi wenyewe kwamba kukisia kunalipa kuliko kujua, halafu tunakuja online kulia ati mafundi ni wezi.

Najua mtaniambia, "Lakini wako wale watakula hiyo 1,500 na bado wabahatishe." Ni kweli, wapo. Ndiyo maana usilipe tu na kunyamaza. Muulize, "Umejuaje?" Mwambie, "Nionyeshe." Fundi aliyepima atakuwekea mkono wako kwa springi. Aliyebahatisha ataanza kukuambia vile ametengeneza nyingi kama hizi.

Na wewe pia uende na maelezo, usiende na jibu. Sauti inakuja spidi gani? Inabadilika ukikata kona? Ukikanyaga mafuta? Kama ni ka-ka-ka ukikunja kona kali huku unakanyaga mafuta, anza kuuliza kuhusu si-vi joint. Kama ni mgongo mmoja, ngo!, kila ukikanyaga au kuachilia, angalia bushi, mauntini na viungo vya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Kama gari imesimama, haina gia, inanguruma, halafu ukikanyaga klachi inanyamaza, hapo sasa giaboksi ina kesi ya kujibu. Hata hivyo, pima kwanza.

Kitu kingine: usijaribu hizi vitu za chini ya gari na jeki peke yake. Jeki huteleza. Na Subaru inasukuma magurudumu yote manne, kwa hivyo usiinue upande mmoja halafu uwashe na kuweka gia. Inaweza kuruka kutoka kwa jeki na wewe uko chini.

Kuna sehemu sikutaka kuandika. Ile klipu yangu ya kwanza, kabla nijue ukweli, niliiposti tena na kichwa "Dalili za giaboksi iliyokufa." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Wiki tatu baadaye kijana mmoja akaniandikia. Gari yake ilikuwa inavuma kama yangu, akatoa pesa ya kodi ya nyumba, akabadilisha giaboksi. Mvumo haukuisha. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Bro, sasa nifanye nini?"

Nilimwambia kuhusu ile ya kupeleka usukani kushoto na kulia. Ilikuwa beringi ya mbele. Pesa ya kodi haikurudi.

Nilitoka campus mwaka wa pili, na watu huniuliza kama najutia. Ninachokumbuka sana ni vile nilikuwa nakariri majibu ya mitihani iliyopita bila kusoma swali. Nikadhani hiyo tabia niliiacha huko, kumbe nilikuja nayo mpaka gereji, nikaiweka kwa kamera, nikawauzia.

Hiyo video nimeitoa. Kuanzia leo, ukinitumia klipu ya sekunde 15 uniulize ni nini, sitakuambia ni nini. Nitakuuliza sauti inakuja spidi gani, na inafanya aje ukikata kona. Kisha nitakuambia utafute fundi, umlipe asikilize, na usimtajie spea yoyote mpaka amalize.

Na kama gari yako inavuma sasa hivi, usiongeze redio. Beringi iliyochoka ikiachwa inazidi kulegea, na gurudumu linaanza kucheza. Hilo hutaki kuligundua ukiwa 100 kwa Thika Road.