Silinda Mbili ni Fahari, Moja ni Ugali
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kuna ubishi usioisha darasani mwetu: je, pikipiki ndogo ya silinda mbili ni bora kuliko ya silinda moja? Wenzangu wengi hujibu upesi kwamba mbili ni zaidi ya moja. Mimi napinga.

Kwanza, mwenye sifa apewe sifa zake. Mwaka wa 1959 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki iitwayo Benly CB92. Jina hilo Benly limetokana na neno la Kijapani lenye maana ya kitu kinachofaa na kurahisisha mambo. Injini yake ilikuwa na ujazo wa sentimita mchemraba 124 tu, tena umegawanywa kwa silinda mbili. Pistoni ikiwa ndogo na nyepesi, huweza kwenda mbio sana. Ile ilifikia mizunguko 10,500 kwa dakika na kutoa nguvu za farasi 15. Jamani, huo ni ufundi!

Lakini nguvu hizo hupatikana injini ikilia kwa kasi ya juu. Mwendeshaji wa boda boda aliyebeba mama na gunia la viazi, akipanda mlima wenye matope, mbio hizo za nini? Yeye anataka injini inayovuta ikizunguka polepole.

Pili, hebu tuhesabu vipuri: pistoni mbili, plagi mbili, valvu nne. Karibu kila kinachoweza kuharibika kimezidishwa kwa mbili. Boxer ya silinda moja, fundi wa jua kali huifungua chini ya mti na mara nyingi huifunga kabla ya jioni.

Haya si maneno ya porojo. Karo yangu hutoka kwenye pikipiki ya baba. Siku ikilala kwa fundi, mimi hushinda shuleni bila chakula cha mchana, na nyumbani deni la dukani huongezeka.

Utaniambia silinda mbili ina mwendo laini. Kweli kabisa. Mwenye pesa zake na barabara ya lami, basi anunue, astarehe. Lakini chombo cha kazi hupimwa kwa kazi, hakipimwi kwa idadi wala kwa mlio. Kwa hivyo, mwenzangu, kabla ya kuendelea kubisha, jiulize kwanza: atakayemlipa fundi ni nani?