Maboriti ya Nyumba ya Kusakabe

Aghalabu tuizungumziapo Japani ya kale darasani, wanafunzi husikia habari za mabwana wa upanga, ngome na mahekalu. Mfanyabiashara hatajwi, na akitajwa huwa mpita njia tu. Nashikilia kwamba somo la namna hiyo lina upungufu, na ushahidi wangu ni nyumba moja ya mbao iliyoko mjini Takayama, katika milima ya Hida.

Nyumba hiyo ni ya ukoo wa Kusakabe, waliokuwa wafanyabiashara na wakopeshaji wa fedha. Tangu mwaka 1692 Hida ilitawaliwa moja kwa moja na serikali ya akina Tokugawa, iliyoitamani misitu yake. Katika mpango wa jamii wa enzi hiyo, askari alikaa juu, akafuatwa na mkulima, kisha fundi. Mfanyabiashara akawekwa chini, ati kwa kuwa hazalishi kitu. Lakini fedha alikuwa nazo yeye, na wakubwa walikwenda kumkopa! Palikuwa na sheria za kumkumbusha daraja lake. Nyumba yake isipite kimo fulani. Mti wa hinoki, ulio wa jamii moja na mtarakwa wetu na unaosifiwa sana kwa ujenzi, asiuguse.

Utawala huo uliangushwa mwaka 1868, na makatazo yake yakaondoka nao. Mwaka 1875 moto uliukumba mji, nyumba ya akina Kusakabe ikateketea. Ilipokamilika upya mwaka 1879, fundi Kawajiri Jisuke alikuwa ameijenga kwa hinoki. Kwa nje, paa limeshuka chini na madirisha yamezibwa kwa fito zilizosongamana, kana kwamba mwenye nyumba angali akilihofu jicho la mtawala. Ingia ndani sasa. Utakuta sakafu ya udongo ulioshindiliwa, meko, na ukiinua macho huoni dari, bali maboriti mazito yanayopishana juu kwa juu. Fahari yote imewekwa ndani. Sheria ilikwisha kufutwa, mazoea yakabaki. Jambo hilo mwanafunzi aweza kulisoma kwa macho yake, bila kukaririshwa tarehe hata moja.

(Ufundi wenyewe haukuanza jana. Katika karne ya 8 watu wa Hida walisamehewa sehemu ya kodi ili wapeleke maseremala katika mji mkuu.)

Wapo watakaouliza: nyumba ya mtu binafsi, tena tajiri, yastahilije kulindwa na serikali? Swali hilo si la kipuuzi. Japani yenyewe ilihangaikia kwanza mahekalu. Sheria ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni ilitungwa baada ya moto kuharibu michoro ya ukutani ya hekalu la Horyuji mwezi Januari 1949. Hata hivyo, mwaka 1966 nyumba ya Kusakabe ilitangazwa kuwa mali muhimu ya utamaduni, ikiwa ya kwanza miongoni mwa nyumba za makazi zilizojengwa katika enzi ya Meiji. Ilikuwa na umri wa miaka 87 tu. Wangengoja itimize karne tatu, yamkini wangelinda picha yake. Jirani yake, nyumba ya akina Yoshijima waliokuwa watengenezaji wa pombe ya mchele, iliyojengwa upya mwaka 1907, nayo ililindwa. Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa ili mitaa mizima ihifadhiwe, na mwaka 1979 mtaa wa Sanmachi mjini humo ukaingizwa.

Dosari moja naikubali. Nyumba ya tajiri humsimulia tajiri. Kwa hiyo mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi wake picha ya maboriti yale awaulize pia ni nani walioyakata msituni na kuyashusha mlimani, nao walilala katika nyumba za namna gani.