Uvira: Kubadilisha kompresa peke yake ni kula pesa ya mtu

Ndugu wasomaji, nanyi mnaotusikiliza huko kwenye maturubai na kwenye nyumba mlizopokelewa, leo naomba tuache kidogo habari za usalama. Nataka kusema juu ya gari moja la zamani na klima yake. Najua kuna watakaouliza: watu hawana pa kulala, wewe mwandishi unatuletea habari ya baridi ndani ya gari? Mnisikilize kwanza.

Gari lenyewe ni Mercedes ya mazuti, ile aina ya W123 ambayo Wajerumani walianza kuitengeneza miaka ya 1970 na kuiacha katikati ya miaka ya 1980. Mwenyewe ni mzee wa Uwanda wa Ruzizi. Siku walipokimbia, watu wanane waliingia humo pamoja na masufuria, wakafika Uvira. Nyumba ilibaki, mbuzi walibaki, shamba lilibaki. Kilichokuja ni gari. Tangu hapo linakodiwa siku za Jumamosi kubeba maharusi, na pesa hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na minervali ya watoto.

Sasa mnajua barabara zetu. Bibi harusi akifungua dirisha, gauni jeupe linafika kanisani na rangi ya udongo. Akilifunga, joto la huku chini kando ya ziwa linamuyeyusha poda usoni. Kwa hiyo klima kwa yule mzee si mambo ya kujionyesha. Bila klima, harusi zinakwenda kwa mwenye gari jipya.

Klima ilikufa. Kompresa ilikwama, mkanda ukaanza kunuka. Akaenda kwenye garaji moja ya hapa mjini, jina silitaji. Fundi akamwambia: «Papa, shida ni kompresa tu. Lete ingine, kabla ya saa sita utakuwa umeondoka.» Mzee akaomba zamu yake ya likelemba itangulizwe, kompresa ya okazi ikatoka Bujumbura, ikafungwa, baridi ikatoka. Siku ya kumi na mbili ikaanza kulia kama kinu kilichoingia changarawe, ikakwama kama ile ya kwanza. Aliporudi kudai, akajibiwa kwamba kitu cha okazi hakina garantii.

Mimi nasema kompresa ile haikuwa na kosa. Waliiua pale garaji.

Kompresa inapojisaga ndani, vipande vidogo vya chuma vinatoka na kusambaa kwenye mabomba yote, mpaka kwenye rejeta ndogo iliyo mbele ya gari. Ukifunga kompresa nyingine bila kuosha mabomba hayo, unainywesha uchafu wa mwenzake aliyekufa. Halafu kuna chupa ndogo ya chujio, yenye punje za kunyonya unyevu. Mfumo ukishafunguliwa ukakaa wazi, punje hizo zinanyonya maji ya hewani na chujio limekwisha. Linabadilishwa kila mara, pamoja na pete za mpira za kwenye maungio. Kwa mzee wetu chujio lilikuwa lile lile la zamani. Niliinama nikaliona mwenyewe, lina kutu, halijaguswa na spana.

Kubwa zaidi ni mafuta. Magari ya umri ule yalitoka kiwandani na gazi ya R12. Gazi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa: nchi tajiri zikaacha kuitengeneza 1996, nchi kama zetu zikapewa mpaka 2010. Leo mtu akikuuzia kopo jipya la R12, uwe na mashaka. Kinachopatikana ni R134a, na inaweza kuingia kwenye gari la zamani, lakini haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyokuwa yanatembea na R12. Mafuta yanabaki yamelala kwenye mabomba, kompresa inazunguka kavu. Ni lazima mafuta ya zamani yatolewe, yawekwe yanayokubaliana na R134a, na gazi yenyewe iwe pungufu kidogo kuliko kipimo cha R12, karibu asilimia 80 mpaka 90. Nilimuuliza fundi yule aliweka mafuta gani. Akajibu: «Ya kompresa.»

Kabla ya gazi kuingia, pampu inatakiwa kunyonya hewa na unyevu kwa nusu saa au zaidi, kisha mtu anaangalia geji kama sindano inatulia. Pale hakukuwa na pampu. Walisukuma hewa kwa gazi yenyewe, ikapotelea angani, na mteja akailipia.

Nimesikia pia kijana mmoja akijisifu kwamba anajaza gazi ya kupikia na baridi inatoka vizuri sana. Inatoka, ndiyo. Lakini hiyo ni gazi inayowaka. Bomba likivuja ndani ya gari lililofungwa madirisha, na mtu akiwasha sigara, harusi inageuka kilio. Hilo sitalisemea kwa upole.

Mafundi wanajitetea kwamba mteja hana pesa ya kazi nzima. Ni kweli, na wengi wao ni wakimbizi pia, sanduku la spana ndilo shamba lao. Lakini mteja asiye na pesa ya kazi nzima ana pesa kidogo ya kupoteza kuliko wote. Mwambieni ukweli kabla hajaenda kukopa: kompresa, chujio, pete, kuosha mabomba, mafuta, pampu, gazi, jumla ni hii. Akishindwa, toeni mkanda wa kompresa, gari litatembea bila klima na hatakuwa na deni. Na pampu ya kunyonya hewa, kwa nini garaji tano zisiinunue kwa likelemba na kupeana zamu? Mama zetu wa sokoni wanafanya hivyo kwa mambo makubwa zaidi.

Nanyi wenye magari, simameni pale kazi inapofanyika. Ulizeni chujio la zamani liko wapi. Mkiambiwa halina haja ya kubadilishwa, chukueni funguo.

Jumamosi iliyopita mzee alibeba bibi harusi madirisha yakiwa wazi, gauni limefunikwa shuka mpaka mlangoni mwa kanisa. Walimpunguzia malipo kwa sababu ya joto. Kwenye likelemba bado anadaiwa zamu tatu.