Hati ya Polisi na Usalama wa Mgonjwa

Yapo mazoea ya kudhani kwamba mtumishi wa afya akishawasilisha hati ya polisi isiyo na doa, upekuzi wake umekamilika. Dhana hiyo humtuliza mwajiri, lakini mgonjwa haimlindi sana. Hati hiyo hueleza jambo moja tu: kwamba katika kumbukumbu zilizotafutwa, kwa jina au alama za vidole zilizotumika, hukumu haikuonekana.

Kisa cha daktari Michael Swango wa Marekani kinastahili kuzingatiwa. Mwaka 1985 mahakama ya Illinois ilimtia hatiani kwa kuwatilia wafanyakazi wenzake sumu ya aseniki katika vyakula na vinywaji, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hukumu haikuwa ya siri. Hata hivyo, baada ya kutoka gerezani alipata nafasi ya mafunzo ya udaktari South Dakota mwaka 1992, na mwaka uliofuata akapokewa New York, ambako alipangiwa kazi katika hospitali ya serikali kuu inayowahudumia askari wastaafu, huko Northport. Hakukana kwamba aliwahi kufungwa. Alibadili kosa tu. Alidai kuwa ulikuwa ugomvi wa baa, na huko South Dakota akaonyesha hati za kughushi kuthibitisha uongo huo. Waliompokea waliyaamini maelezo yake bila kuitafuta hukumu yenyewe mahakamani. Mwaka 2000 alikiri kuwaua wagonjwa watatu wa Northport.

Rekodi, basi, ilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuisoma kutoka kwenye chanzo chake. Tanzania inalijua somo hili kwa njia nyingine. Uhakiki wa mwaka 2017, ambao watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, ulifanikiwa kwa kuwa vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Kuikagua karatasi yenyewe, hata kwa jicho kali, kusingetosha.

Lakini hata rekodi iliyosomwa vizuri ina mpaka wake, na hapa ndipo penye uzito zaidi. Muuguzi Charles Cullen alihama hospitali moja hadi nyingine katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania hadi alipokamatwa Desemba 2003, akiwa ameua wagonjwa wengi kwa dawa. Hakuwa na hukumu yoyote ya kumdhuru mgonjwa. Palikuwa na shaka za wauguzi wenzake, na palikuwa na waajiri walioona afadhali aondoke kimyakimya kuliko kuandika walichokijua. New Jersey ilitunga sheria mwaka 2005 kuzilazimisha hospitali kutoa taarifa za namna hiyo. Barua ya sifa isemayo tu kwamba mtumishi "alifanya kazi hapa kuanzia tarehe fulani hadi fulani" ni ukimya uliopigwa muhuri, na waganga wafawidhi wanaoiandika huku wakijua zaidi wanamtupia mzigo mgonjwa wa wilaya nyingine.

Ukali usio na kipimo nao haufai. Kijana aliyetozwa faini kwa kosa dogo miaka mingi iliyopita hapaswi kufungiwa mlango wa uuguzi, hasa katika nchi zenye upungufu wa watumishi. Swali ni kama kosa linagusa kazi: dawa za kulevya za hospitali, udanganyifu, ukatili, unyanyasaji wa walio dhaifu. Hayo yaulizwe, tena kila leseni inapohuishwa, si siku ya ajira pekee.

Mipaka ya nchi huongeza ugumu. Mabaraza ya madaktari na ya wauguzi yanapaswa kuandikiana moja kwa moja, bila barua kupitia mikononi mwa mwombaji. Swango alipofukuzwa New York alikwenda Zimbabwe, akaanza kazi katika hospitali ya misheni ya Mnene mwaka 1994. Alipokamatwa uwanja wa ndege wa Chicago mwaka 1997, alikuwa safarini kwenda Saudi Arabia, ambako kazi nyingine ya hospitali ilikuwa ikimsubiri.